Nakala Tatu za King'ora cha Mwakitolyo

Niliombwa niandike kuhusu kazi yangu ili ninyi mnaoanza msome. Nilikataa mara mbili. Kazi yangu yote niliifanya nikiwa nimekaa, na mtu aliyekaa ana nini cha kusimulia? Wenzangu wa rika langu hapa Shinyanga walichimba, waliendesha malori ya pamba, wengine walitajirika Geita wakafilisika Geita hiyohiyo. Mimi nilikaa kwenye kiti. Kiti changu cha kwanza kilikuwa cha chumba cha redio mgodini. Cha mwisho ni hiki cha plastiki ninachokalia sasa, chumba cha stoo nyumbani kwangu, kati ya magunia mawili ya mpunga. Elimu yangu ni kidato cha nne, na cheti chenyewe kinaonyesha kwamba mimi na hisabati tuliachana kwa amani.

Mara ya tatu nilikubali, kwa sababu nimesikia bado kuna watu makao makuu wanaotaka kuzima nakala mbili kati ya tatu za king'ora cha Mwakitolyo. Mimi hawanipati tena, nimestaafu. Watawatuma ninyi. Basi someni kwanza, mjue mnachotumwa.

Mwakitolyo ni machimbo ya wachimbaji wadogo. Shimo la kuchimbia dhahabu wanaliita duara, na duara likishafika chini linatoa njia za pembeni, watu wakifuata mwamba. Njia hizo zinakutana. Leo duara lako liko peke yake, Jumatatu ijayo limetobokea kwa jirani. Chini kuna maji, na pampu inayavuta. Pampu ikizimika maji yanapanda, na aliye mwisho wa njia ya pembeni, mgongo wake ukiwa upande wa mlango, anayajua yakiwa yameshafika magotini.

Kampuni yetu, niliyohamia baada ya redio ya mgodi, iliweka kihisi, kifaa cha kuhisi maji, chini ya kila duara. Maji yakipita alama, kihisi kinapiga kengele ndogo hapohapo mdomoni mwa duara, na kinatuma habari kwetu kwa mtandao wa simu. Habari hiyo tunaiita tukio. Sisi ndio wenye orodha ya duara gani limetobokea wapi, hivyo tukio likifika tunawasha ving'ora vya majirani wote waliounganika nalo na kuwapigia simu wasimamizi. Mkiuliza kwa nini tusingetosheka na ile kengele ndogo, jibu ni hili: kengele ya jirani inalia kwa jirani, wakati anayezama ni wewe.

Kazi ya kupokea matukio na kuwasha ving'ora inafanywa na programu zilizofungwa ndani ya kontena, kila moja na vifaa vyake vyote, zikikaa kwenye klasta, yaani mashine kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Mfumo wa namna hii wataalamu wanauita usio na seva. Seva zipo, nimezifuta vumbi mwenyewe. Wanamaanisha tu kwamba programu hulala pasipo na kazi na huamka tukio likija. Nitarudi kwenye huko kulala, maana nina ugomvi nako.

Nianze na aibu zangu, ndizo zenye faida kwenu.

Nilipoanza niliambiwa kila programu iwe na nakala tatu, moja ikifa mbili zibaki. Nikaweka tatu. Nikatembea kifua mbele. Mashine zote tatu zilikuwa humu stoo, juu ya ubao, zikipuliza joto zuri kiasi kwamba kuku wa mke wangu alikuja kutamia nyuma ya ile ya katikati. Nikamwacha, nikiona ni baraka kwa mradi. Jumapili moja, mke wangu akijiandaa kwenda kanisani, skrini yangu ikawa nyeusi yote.

"Mama Minza," nikaita, "umeme umekatika?"

"Upo. Mbona pasi inawaka."

"Pasi umeichomeka wapi?"

"Kwenye ekstensheni yako. Kulikuwa na waya mmoja tu, nikautoa."

Waya mmoja ndio uliokuwa umebeba mashine zote tatu. Nilianza kumweleza habari za nakala na ustahimilivu wa mfumo. Akanisikiliza huku akinyoosha kitenge, kisha akasema, "Kwa hiyo una wake watatu lakini wote wanalala kitanda kimoja chenye mguu mmoja." Sijawahi kusikia mhandisi akilieleza vizuri kuliko hivyo. Wiki iliyofuata mashine moja ikaenda ofisi ya Geita, moja ofisi ya Runzewe, moja ikabaki humu stoo kwa kuwa Shinyanga kampuni haina ofisi, ina mimi. Nikaiamuru klasta isiweke kamwe nakala mbili za kitu kimoja kwenye mashine moja. Amri hiyo haijiandiki yenyewe. Usipoiandika, klasta itazirundika zote palipo na nafasi, na itakuonyesha tatu za kijani, nawe utatembea kifua mbele kama mimi.

Aibu ya pili ni kubwa, na mzizi wake uko nyuma kabisa, chumba cha redio.

Aliyenifundisha kazi kule ni Mama Rehema, mwanamke Mwislamu wa mjini hapa, ambaye baba yake alikuja na mitumba ya nguo kutoka Tanga asirudi tena. Alikuwa mfupi, miwani shingoni kwa kamba, na hakuwa na subira. Chini ya ardhi mtu akibonyeza redio, mazungumzo yalikuwa hivi:

"Chumba cha redio, habari za huko?"

"Nzuri mama, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Tunashukuru Mungu, huku wazima. Ila kamba ya winchi imekatika."

Mama Rehema akavua vidude vya masikioni akanigeukia. "Umesikia? Nzuri, ila kamba imekatika. Siku moja watanipigia waseme nzuri mama, ila marehemu anakusalimu."

Sheria yake ilikuwa moja: kwenye redio, shida kwanza, salamu baadaye. Ukianza na nzuri, alikukatia. Mimi moyoni nilimwona hana adabu. Mimi ni Msukuma. Kwetu mtu anakuuliza mhola, yaani habari, unajibu mhola, yaani nzuri, mnaulizana mvua, ng'ombe, watoto, na baada ya hapo ndipo anakwambia kwamba paa lako linaungua. Nilikaa naye miaka mingi, nikaitii sheria yake kazini na kuidharau kimya kimya.

Basi nilipopewa kuandika ule ukaguzi wa afya wa programu yetu ya kupokea matukio, adabu yangu ikapata pa kutokea. Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Kila sekunde kumi klasta inaiuliza nakala, "Mzima?" Nakala inajibu kwa namba, na chini ya namba unaweza kuweka maneno. Namba 200 maana yake mzima. Namba kuanzia 500 maana yake nina tatizo, usinipe kazi. Nikaandika kwamba nakala ijibu 200 maadamu inaweza kujibu, na ikiwa na shida, iieleze kwa maneno chini yake. Niliona ni ustaarabu. Mtu akisoma ataelewa.

Sikujua, au nilijua na sikujali, kwamba klasta haisomi maneno. Inasoma namba tu, ikishaona 200 inageuka na kwenda zake.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, saa nne asubuhi. Jirani ya duara la Mama Kulwa, mmoja wa wale wasimamizi tunaowapigia simu, kulikuwa na duara ambalo wenyewe walikuwa msibani, hakuna mtu ndani. Pampu yao ikazimika. Maji yakapanda, kengele yao ndogo ikalia, ikasikilizwa na mbuzi. Kihisi kikatuma tukio kwetu kama kilivyoagizwa. Kwa Mama Kulwa kulikuwa na watu saba chini, na njia yao ilikuwa imetobokea kwa jirani siku tisa kabla. Orodha yetu ilikuwa sahihi. King'ora cha Mama Kulwa hakikulia.

Wote saba walipona kwa sababu ya ndoo. Mama Kulwa alikuwa amesimama kwenye winchi, ndoo ya mawe ikapanda ikiwa inachuruzika, na duara lake siku hiyo lilikuwa kavu. Hakuuliza swali. Akapiga kamba mara tatu, wakaanza kutoka. Wa mwisho, Shija, mguu wake ulibanwa na gogo la kushikilia kuta lililong'oka kwa maji. Walimtoa maji yakiwa kifuani. Mguu ule hadi leo anautembeza kama mzigo wa mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi Mama Kulwa alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu. Nilikuwa namfahamu kwa simu tu. Mwanamke mrefu, buti za mvua miguuni, khanga kiunoni, matope yamekauka hadi kwenye viwiko.

"Mwangaluka, Baba Minza."

"Mwangaluka. Karibu ndani. Habari za Mwakitolyo?"

"Nzuri." Akapokea maji, akanywa nusu kikombe, akakiweka chini. "Shija yuko hospitali. Mguu umevunjika mahali pawili."

Nilimtazama. "Mbona umesema nzuri?"

"Sasa niseme nini? Umenisalimia."

Nikageukia kompyuta nikafungua majibu ya ule ukaguzi wa afya, ya nakala iliyokuwa kwenye mashine ya Runzewe, tangu alfajiri ya jana yake. Mama Kulwa akaja akasimama nyuma ya kiti.

"Kinasema nini hicho?"

Nikamsomea. Mstari wa kwanza: 200. Mhola, ila ghala halifikiki. Wa pili: 200. Mhola, ila ghala halifikiki. Wa tatu vilevile.

"Ghala ndio nini?"

"Ndipo matukio yanapohifadhiwa ili yapelekwe kwenye king'ora. Nakala ya Runzewe ilikuwa imekatika mawasiliano na ghala. Tukio la jirani yako lilikwenda kwake. Likapokelewa, kihisi kikaambiwa limefika, kisha likabaki kichwani mwake linasubiri ghala."

"Na zile nyingine mbili ulizosema kwenye simu kwamba zipo kwa ajili yetu?"

"Zilikuwa nzima. Hakuna aliyezipa kazi hiyo, kwa sababu huyu alikuwa anajibu yuko mzima."

Akahesabu mistari kwa kidole kwenye skrini, akaacha tope kwenye kioo. "Amesema mhola mara ngapi?"

"Kila sekunde kumi. Tangu alfajiri."

"Ana adabu kuliko watoto wangu," akasema. Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Akaongeza, taratibu, "Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, Baba Minza. Niwashushe watu Jumatatu au nisiwashushe?"

Wanangu, katika kazi yenu mtaulizwa mengi kwa lugha ngumu, lakini swali ni lile. Nilimwambia asiwashushe mpaka nimpigie. Akasubiri siku kumi na moja, watu sita waliobaki wakiwa wamekaa bila kazi, na kila asubuhi alinipigia kunisalimia tu. Ile ilikuwa adhabu, na aliijua.

Nilichobadilisha ni hiki, na nawaandikia kama ninavyomwelekeza mtu jikoni.

Kwanza, shida kwanza. Nakala isiyofikia ghala ijibu kwa namba ya tatizo, iondolewe kwenye foleni ya kupokea kazi papo hapo. Lakini angalieni, kuna maswali mawili na yanafanana: "Uko hai?" na "Uko tayari kupokea?" Asiye tayari anapumzishwa. Asiye hai anauawa na kuwashwa upya. Mimi kwa pupa ya toba nikayajibu yote mawili kwa jibu moja, na siku ya tatu ghala lilipoyumba kidogo, klasta ikaziua nakala zote tatu zilizokuwa nzima kabisa, ikaziwasha, ikaziua tena. Nilikuwa nimetoka kwenye adabu iliyozidi nikaingia kwenye mauaji. Tenganisheni hayo maswali.

Pili, usiseme "nimepokea" kabla hujaweka mahali. Tukio linaandikwa ghalani, na ghala lenyewe lina nakala tatu kwenye zile mashine tatu, na mpaka mbili zikiri kwamba limeandikwa, kihisi hakiambiwi kitu, kitaendelea kutuma. Ni tatu na si mbili kwa sababu mbili zikipoteza mawasiliano hakuna mwenye wingi, kila moja inasubiri nyingine, kazi inasimama. Tatu zikipungukiwa moja, mbili zinakubaliana na maisha yanaendelea.

Tatu, tukio likishindikana kupelekwa lijaribiwe tena, na likikataa kabisa liwekwe kwenye kapu lake lenye kelele, mtu alione. Kwa kujaribu huku, tukio moja linaweza kufika mara mbili. King'ora kikilia mara mbili sijali. Ila lipe kila tukio namba yake, maana bila namba Mama Kulwa alipigiwa simu mara kumi na moja kwa tukio moja akiwa kwenye kwaya, na alikuja kunieleza alivyojisikia.

Nne ni lile alilonifundisha yeye mwenyewe. Siku ile alipokuja kwangu na swali lake aliniuliza pia nabadilishaje programu ya zamani kwa mpya. Nikasema naizima ya zamani, naiwasha mpya. Akanitazama kama mtu aliyeona nyoka. "Sisi kwenye winchi," akasema, "anayepokea kamba anaishika kwanza, mpaka mwenzake auone mkono wake umekaza, ndipo anaachia." Tangu siku hiyo klasta yetu haiachii nakala ya zamani mpaka mpya imejibu kwamba iko tayari, na hata mashine ikifanyiwa matengenezo, hairuhusiwi kuondoa nakala zaidi ya moja kwa wakati.

Kuhusu kulala. Mfumo ulikuja umepangwa kwamba pasipo tukio, programu ya king'ora inalala kabisa, nakala sifuri. Tukio likija inaamshwa. Kuamka kwake kunachukua sekunde kadhaa siku nzuri, na siku mbaya picha ya kontena, yaani faili lenye programu nzima, inapakuliwa upya kwa mtandao wa mvua, mnasubiri. Nilikataza. Programu ya ripoti za mwisho wa mwezi ilale kama inavyotaka, ikoromee huko. Ya king'ora, angalau nakala mbili ziwe macho wakati wote. Mtaalamu mmoja aliniandikia kwamba nimeua maana nzima ya teknolojia hii. Nikamjibu kwamba sikukusudia kuua chochote, ndiyo maana.

Na kila Ijumaa saa nne asubuhi, kabla watu wa msikitini hawajaanza kujiandaa, nilizima mashine moja makusudi, nikampigia Mama Kulwa achovye kihisi kwenye ndoo. King'ora kililia, machimbo yote wakajua ni saa nne. Mfumo usiouvunja mwenyewe, mchana, ukiwa umekaa kwenye kiti chako, utauvunjia wengine.

Hivi ndivyo tulivyoishi mpaka mwaka wangu wa mwisho kazini, alipokuja meneja mpya. Alikuja kwa video. Mimi nilikuwa na shati juu na msuli chini, hakuona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba."

"Mzee, nimepitia klasta yako. Tangu ule ukarabati haijashindwa hata mara moja."

"Tunashukuru."

"Sasa, kama haijashindwa, nakala tatu za nini? Tubaki na moja. Ikifa, klasta itaiwasha upya yenyewe. Ndiyo kazi yake."

"Haijashindwa kwa sababu ziko tatu."

"Hiyo huwezi kuithibitisha mzee." Alisema kwa upole. Ana shahada mbili, na upole wa watu wa shahada mbili unakufanya ujione umevaa msuli.

"Naweza," nikasema. "Njoo Mwakitolyo."

Mke wangu aliposikia nasafiri alisimama mlangoni mwa stoo. "Unakwenda Mwakitolyo. Wewe. Na kiti unabeba?" Nilikuwa sijawahi kufika. Miaka yote ile nilijua kina cha kila duara pale, na sikujua vumbi lake lina rangi gani. Ni jekundu, na linaingia kwenye soksi.

Tulimkuta Mama Kulwa ametoa watu wote shimoni, wamekaa juu ya mawe kama watu wa mpira. Shija alikuwa kwenye winchi, kazi anayoifanya sasa kwa mguu wake. Meneja alivaa viatu vya kamba vilivyopigwa rangi. Nikampigia mke wangu.

"Chomoa mashine."

"Ile ya kuku?"

"Ileile."

Mama Kulwa akazamisha kihisi kwenye ndoo. King'ora kililia kabla mke wangu hajamaliza kuuliza kama amechomoa sawasawa.

"Sasa tufanye anavyotaka mgeni," nikasema. Mke wangu akarudisha waya. Nikafungua kompyuta mpakato juu ya jiwe, nikapunguza kila kitu kikabaki nakala moja, ikakaa kwenye ileile mashine ya stoo. Nikampigia tena. "Chomoa."

Kihisi kikaingia kwenye ndoo. Kimya.

Klasta ikipoteza mashine haijui kama imekufa au imesinzia, na kwa mpangilio wake wa kawaida inasubiri dakika tano ndipo inahamisha kilichokuwa humo. Nilimwambia meneja hivyo. Akasema anajua, alisoma. Akatazama saa.

Mama Kulwa akafuta mikono kwenye khanga. "Meneja, karibu ushuke kidogo. Ngazi ni imara."

"Nishuke?"

"Maji hayapo, ni majaribio tu. Ukasubirie king'ora huko tunakosubiria sisi."

Akaangalia mdomo wa duara. Ni mweusi, na unatoa hewa ya baridi hata mchana. "Nadhani hapa naona vizuri."

"Basi weka mguu mmoja."

Watu wa juu ya mawe wakaanza kujikohoza. Shija, bila kugeuka, mkono kwenye winchi, alikuwa anataja viungo vya mwili polepole, kama mtu anayesoma sala. Vifundo. Magoti. Mapaja. Kiuno. Hakuna aliyemkataza. Meneja aliacha kutazama saa akawa anatazama viatu vyake. King'ora kilipolia, Shija alikuwa ameshamaliza viungo muda mrefu, amenyamaza.

"Kimelia," meneja akasema.

"Kimelia," Shija akaitikia. "Kimewaambia walio juu."

Mngedhani iliishia hapo. Haikuishia. Wiki mbili baadaye amri ilikuja kwa maandishi, lugha safi, kwa kuzingatia matumizi bora ya rasilimali, punguza nakala zibaki moja kabla ya kustaafu kwako. Ni amri ya mstari mmoja kwenye kompyuta, ningeiandika nikiwa natafuna karanga. Sikuiandika. Nilijibu kwamba mikono yangu inauma. Wakasema watamtuma mtu mwingine aiandike. Nikasema karibuni, nywila nitampa, ila kuna fomu.

Fomu niliitunga mwenyewe, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Inasema: Mimi, halafu mstari, nimeamua king'ora cha Mwakitolyo kibaki na nakala moja, nikijua kwamba mashine ikizimika kitakaa kimya dakika tano au zaidi, na nimelisema hili kwa sauti mbele ya wanaoshuka leo. Kisha nafasi ya sahihi. Chini kuna masharti: ijazwe mdomoni mwa duara, asubuhi, kabla ya watu kushuka. Niliituma makao makuu kwa kila mtu aliyetajwa kwenye ile amri, nikaiambatisha kwenye kumbukumbu za mabadiliko ya klasta, kila atakayefungua aione. Waliniita mkaidi kwenye barua mbili. Kwenye ya tatu walinitakia mapumziko mema.

Nimestaafu. Nakala ziko tatu. Mashine moja bado iko humu, inanipulizia joto mgongoni ninapoandika haya, na Ijumaa saa nne mke wangu anaichomoa kwa niaba yangu, anasema mimi navuta waya vibaya.

Wakikutuma wewe, kijana, usinipigie kuomba ushauri. Nitakusalimia tu. Fomu asili iko Mwakitolyo, ndani ya mfuko wa nailoni, na Mama Kulwa ameitundika kwenye nguzo ya winchi pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nenda asubuhi. Watu saba watakuwa wamekaa wanasubiri kushuka, na watakupa nafasi uandike bila haraka. Mpaka sasa wamekuja wawili kutoka makao makuu. Wote waliisoma hadi mwisho, na kalamu bado imejaa wino.